Hela ya Mjerumani, pesa ya Mhindi: Maajabu ya fedha unazovuka nazo mpakani

MFANYABIASHARA anayetoka Dar es Salaam na shehena ya mchele kwenda Bujumbura anaondoka na hela mfukoni. Akishavuka Kobero anawakuta wenyeji wakizungumzia amahera. Mwenzake aliyepita Namanga anaulizwa pesa. Yule wa Busia, upande wa Uganda, anadaiwa ensimbi au ssente, na aliyefika Goma anaambiwa alete franga au feza.

Kitu ni kile kile. Lakini kila jina lilikuja kwa njia yake, na mengine yametoka mbali kuliko bidhaa yoyote iliyowahi kupita kwenye mipaka yetu. Moja lilizaliwa katika mji wa chumvi Ujerumani, jingine India, jingine baharini.

Historia ya fedha za ukanda huu imejaa visa ambavyo ukivisimulia kwenye foleni ya forodha, mtu anaweza kudhani unatunga. Kuna malkia aliyefariki zaidi ya miaka 240 iliyopita na sarafu zake bado zinatengenezwa. Kuna karakana ya reli iliyogeuka kiwanda cha sarafu za dhahabu. Kuna mikoa iliyokataa noti za serikali yake, ikaendelea na biashara.

Ndani ya visa hivyo kuna somo moja linalojirudia, nalo linamhusu mtu wa mpakani kuliko mwingine yeyote.

Hela ilitoka mji wa chumvi

Mwaka 1904 utawala wa Kijerumani katika Afrika Mashariki ulibadilisha hesabu ya fedha zake. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa na pesa 64, hesabu iliyotoka India. Wajerumani wakaamua rupia iwe na vipande 100, na kila kipande wakakiita heller.

Jina hilo lilikuwa la zamani sana kwao. Linatokana na mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, uliojulikana kwa chumvi yake na ambako sarafu ndogo za thamani ya chini zilitengenezwa tangu enzi za kati. Kwa midomo ya watu wa Tanganyika, heller ikawa hela.

Utawala wa Kijerumani uliisha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, lakini neno halikuondoka na wenyewe. Leo kijana wa Kariakoo anayesema "sina hela" anatumia jina la sarafu ya mji wa Hall, ingawa huenda hajawahi kuusikia. Burundi nayo ilikuwa sehemu ya himaya hiyo ya Kijerumani, ndiyo maana Mrundi anasema amahera. Baadaye Wabelgiji walileta faranga, na Wanyarwanda wakaizoea amafaranga.

Pesa nayo ni mgeni aliyezeeka nchini. Inatokana na paisa, sarafu ndogo ya India iliyoletwa pwani na majahazi na wafanyabiashara wa Bara Hindi. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa pesa zake mwenyewe za shaba mwaka 1882, na juu yake iliwekwa picha ya mizani. Kwa mtu wa sokoni ni alama inayoeleweka bila tafsiri.

Kutoka pwani neno lilipanda bara. Wakikuyu wakasema mbeca, Wakamba wakasema mbesa. Mwaka 2007 ilipozinduliwa huduma ya M-Pesa nchini Kenya, ile paisa ya India iliingia kwenye simu.

Fedha, au feza kama wasemavyo ndugu zetu wa Kongo, ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini yenyewe, yale meupe yanayong'aa. Ssente ya Uganda ni senti iliyovaa nguo ya Kiganda. Ukishuka Tunduma na kuvuka kwenda Nakonde unakutana na kwacha, iliyoanza kutumika Zambia mwaka 1968. Maana yake ni kumekucha, na ukilisikiliza vizuri utatambua kwamba ni ndugu wa damu wa neno letu la kucha. Malawi nayo ilichukua jina hilo mwaka 1971, na kipande cha kwacha yao kikaitwa tambala, yaani jogoo. Kukicha, jogoo lazima awike.

Waganda walihesabu mali ya baharini

Ensimbi ya Kiganda ndiyo inayoshangaza zaidi. Uganda haina bahari, lakini neno lake la fedha linatokana na simbi, zile kauri ndogo nyeupe zinazookotwa kwenye fukwe za Bahari ya Hindi.

Kabla ya rupia kufika, kauri zilitungwa kwenye kamba kwa mafungu ya 100 na kutumika kununulia vitu vya kila siku. Zilipendwa kwa sababu za kibiashara kabisa: hazikuozi, hazikupata kutu, hazikuliwa na mchwa, na ilikuwa vigumu kuzighushi. Umbali wa bahari ndio uliozipa thamani. Mtu wa Kampala hakuweza kuamka asubuhi na kuokota mtaji ufukweni.

Lakini simbi nazo ziliporomoka. Kuanzia miaka ya 1840, kampuni za Kijerumani zilizokuwa na biashara Zanzibar ziligundua kwamba kauri za pwani yetu, zilizookotwa kwa gharama ndogo, zilipokelewa kama fedha Afrika Magharibi. Zikapakiwa melini kwa tani nyingi. Soko la huko likafurika, na kila mwaka gunia la kauri likanunua kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Mfumuko wa bei uliwahi kutokea bila mashine ya kuchapisha noti. Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliacha kupokea kauri kama kodi, na aliyekuwa amejaza vyungu vya simbi akabaki na mapambo.

Kwenye njia za misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, fedha ilikuwa kitambaa. Kitambaa cha pamba kutoka Marekani kiliitwa merikani, na kilipendwa kiasi kwamba wapagazi walilipwa kwacho, machifu walitozea ushuru wa njia kwacho, na chakula kilinunuliwa kwacho. Kipimo chake kilikuwa shuka na doti, ambayo ni shuka mbili. Mama anayeuza khanga leo kwa doti anatumia kipimo kilichowahi kuwa sarafu.

Huko Katanga, fedha ilikuwa msalaba wa shaba uliomiminwa kwenye kalibu. Katanga ilipojitangazia kujitenga na Kongo na kutoa sarafu zake mwaka 1961, iliuweka msalaba huo upande mmoja wa sarafu, na upande wa pili ikaweka ndizi.

Sarafu za Kilwa zilizookotwa Australia

Wapo wanaodhani kwamba sarafu ililetwa kwetu na wakoloni. Kilwa Kisiwani inawakatalia. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao za shaba karne kadhaa kabla ya Mreno kufika mwaka 1498. Maandishi yake ya Kiarabu yalipangwa kwa vina: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyoishia kwa sauti inayopatana na jina hilo.

Sarafu ya Kilwa imepatikana hadi Great Zimbabwe, bara kabisa, ambako dhahabu ilitoka. Hilo linaeleweka, kwani Kilwa ilitajirika kwa dhahabu hiyo.

Lisiloeleweka hadi leo ni la Australia. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa anga wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu 9 mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Alizihifadhi kwenye kopo kwa miaka mingi. Zilipochunguzwa na wataalamu, 4 zilikuwa za Kiholanzi na 5 zilikuwa za Kilwa. Hakuna aliyethibitisha zilifikaje huko, safari ya maelfu ya kilomita kuvuka Bahari ya Hindi.

Malkia aliyekufa na dola yako

Maria Theresa, malkia wa Austria, alifariki tarehe 29 Novemba 1780. Sarafu yake kubwa, iliyoitwa thaler, ina mwaka huo huo wa 1780. Ajabu ni kwamba sarafu hiyo imeendelea kutengenezwa tangu wakati huo, na kila moja inaandikwa 1780 hata kama imetoka mashineni juzi.

Sababu ilikuwa wateja. Wafanyabiashara wa Ethiopia, Yemen na pwani ya Bahari ya Shamu waliizoea sura ya mama huyo na walikataa sarafu yenye mabadiliko hata madogo. Walikuwa wakihesabu lulu kwenye kishikizo cha bega lake. Zikiwa pungufu ya 9, mzigo hauuzwi. Kiwanda cha Vienna kikaona ni heri kumwacha malkia alivyo. Zanzibar nako thaler hizo zilipokelewa, zikinunulia pembe za ndovu na karafuu.

Austria yenyewe iliacha kuitumia kama fedha halali mwaka 1858, lakini huku iliendelea kununua kahawa. Mwaka 1935 Italia ya Mussolini, ikijiandaa kuivamia Ethiopia, ilipata mihuri ya sarafu hiyo kutoka Austria ili itengeneze za kwake Roma. Waingereza na Wafaransa hawakukubali kuachwa soko. London, Paris na baadaye Bombay nako malkia wa Austria akaanza kuchapwa.

Jina thaler linatokana na Joachimsthal, mji mdogo wa machimbo ambao leo uko Jamhuri ya Czech, ulikotengenezwa sarafu kubwa za namna hiyo karne ya 16. Likapita kwa Waholanzi na Waingereza, likavuka Atlantiki, likawa dola. Kwa hiyo dola unayobadilisha Kasumbalesa au Mutukula ni mjukuu wa machimbo hayo, na ukoo wake na malkia wa 1780 ni mmoja.

Dola nayo ina vituko vyake kwetu. Marekani inasema noti zake zote zilizotolewa tangu 1861 bado ni halali. Lakini mjaribu mbadilishaji wa mpakani kwa noti ya zamani yenye picha ndogo ya kiongozi, uone atakavyoigeuza mara tatu na kukurudishia au kukukata kiwango. Katika masoko ya Goma, Bukavu na Lubumbashi, dola yenye mchaniko mdogo ukingoni hukataliwa, huku noti ya faranga ya Kongo iliyochakaa hadi rangi kupotea ikipokewa bila neno. Sheria ya dola inatungwa Washington, lakini sokoni anayetoa hukumu ni mwenye meza.

Dhahabu ya karakana ya reli

Mwaka 1916, Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezingirwa. Meli za Uingereza zilifunga bahari na hakuna fedha iliyoingia kutoka Berlin. Askari walitaka mishahara na wakulima walitaka malipo ya chakula.

Serikali ilikuwa ikichapisha noti zake humu humu nchini, nyingine kwenye karatasi duni kiasi kwamba wananchi waliziogopa. Watu walitaka kitu kizito mkononi. Ndipo mafundi wa karakana ya reli ya Tabora walipopewa dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba, na kuambiwa watengeneze sarafu.

Wakafanikiwa. Sarafu ya rupia 15 ina tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima, na upande wa pili tai wa Kijerumani. Zilitengenezwa takriban 16,000 tu. Karakana hiyo hiyo ilitoa hela 5 na hela 20 kwa shaba iliyookotezwa, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga. Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora na kazi ikaisha.

Leo tembo wa Tabora anatafutwa na wakusanyaji wa sarafu duniani kote. Lakini mkulima aliyeuza mtama wake na kulipwa noti za karatasi za vita hakubaki na cha kutafutwa na mtu. Baada ya vita noti zile hazikununua kitu sokoni.

Tundu la katikati na mfalme wa miezi 11

Wazee wanaikumbuka senti yenye tundu. Tundu halikuwa urembo. Lilipunguza matumizi ya madini, na lilimwezesha mtu asiye na mfuko kwenye vazi lake kutunga sarafu kwenye kamba, kama babu zake walivyotunga simbi.

Mwaka 1907 Waingereza walijaribu kutoa senti za aluminiamu kwa ajili ya Kenya na Uganda za leo. Zilikuwa miongoni mwa sarafu za kwanza za madini hayo duniani. Hali ya hewa na jasho vilizila, na baada ya muda mfupi zikaachwa.

Senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zina siri nyingine. Mfalme Edward VIII wa Uingereza alitawala chini ya miezi 11, kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huo, kisha akajiuzulu ili amwoe mwanamke aliyempenda. Uingereza yenyewe haikuwahi kuingiza kwenye mzunguko sarafu yenye jina lake. Lakini senti za Afrika Mashariki, kwa kuwa zilikuwa na tundu na hazikuhitaji picha ya uso, zilikuwa tayari zimechapwa jina lake. Kwa hiyo mama muuza ndizi wa Moshi alimshika mfalme ambaye muuza duka wa London hakuwahi kumpata kwenye chenji.

Shilingi moja kutoka Aden hadi Songea

Wengi wanapozungumzia sarafu moja ya Afrika Mashariki hudhani ni wazo la juzi. Iliwahi kuwepo, na eneo lake lilikuwa kubwa kuliko wengi wanavyokumbuka.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919 na kukaa London. Ilianza vibaya. Kabla ya vita rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Thamani ya rupia ikapanda, na mwaka 1920 ikafungwa kwenye shilingi 2, ambapo rupia 10 zilitosha kwa pauni. Mtu aliyekopa rupia 150 akijua anadaiwa pauni 10, aliamka anadaiwa pauni 15. Hakuwa ameongeza hata gunia moja dukani. Rupia ikageuzwa florin, na florin haikumaliza hata miaka 2 kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na shilingi.

Shilingi hiyo ndiyo iliyodumu. Ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ikajiunga mwaka 1936. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilifuata majeshi hadi Somalia, Eritrea na Ethiopia. Mwaka 1951 Aden, ng'ambo ya bahari, nayo ikaingia. Mtu aliweza kuuza ngozi Mogadishu na kununua vitunguu Moshi kwa noti zile zile.

Mwaka 1966 ikavunjika. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni, ya Uganda Agosti, na ya Kenya Septemba. Mwanzoni shilingi zote 3 zilikuwa na thamani sawa. Kila mmoja wetu anajua zilipo leo.

Jambo la kuchekesha ni kwamba wenye majina hayo wameyatupa. Uingereza iliachana na hesabu ya shilingi tarehe 15 Februari 1971. Ufaransa na Ubelgiji zilizika faranga zao mwaka 2002 na kuingia kwenye euro. Sisi tumebaki na urithi: nchi 8 za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina shilingi 4, za Kenya, Uganda, Tanzania na Somalia, faranga 3, za Rwanda, Burundi na Kongo, na pauni 1, ya Sudan Kusini.

Noti iliyomgharimu balozi maisha

Hakuna nchi jirani yenye visa vya fedha kama Kongo. Mwaka 1967 Rais Mobutu alizindua zaire, na zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Jina lenyewe ni neno la Kikongo lenye maana ya mto, lililopotoshwa na Wareno.

Kufikia mwanzoni mwa 1993 serikali ilikuwa imechapisha noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Etienne Tshisekedi alisema si halali, na wafanyabiashara wakaikataa. Askari waliolipwa mishahara kwa noti hizo walipokwenda sokoni wakaambiwa hazinunui kitu. Wakaasi. Kinshasa iliporwa, watu wengi wakafa, na miongoni mwa waliouawa Januari mwaka huo alikuwemo balozi wa Ufaransa.

Oktoba mwaka huo huo ikaja zaire mpya, ambayo moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3. Mikoa 2 ya Kasai, yenye almasi, ikaigomea. Huko watu waliendelea kutumia noti za zamani ambazo serikali ilikuwa imeziacha, na kwa sababu hakuna aliyechapisha nyingine mpya, zikashika thamani kuliko zile za Kinshasa. Nchi moja ikawa na fedha 2, na mchuuzi aliyetoka Kinshasa kwenda Mbuji-Mayi alilazimika kubadilisha kama anayevuka mpaka wa kimataifa.

Mwaka 1998 ikarudi faranga, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukipiga hesabu, faranga moja ilikuwa sawa na zaire za mwanzo bilioni 300.

Uganda nayo haikubaki nyuma. Mei 1987 ilifuta sifuri 2 kwenye shilingi yake na wakati huo huo ikakata kodi ya asilimia 30 kwenye ubadilishaji. Aliyepeleka shilingi 10,000 za zamani alistahili 100 mpya, akatoka na 70.

Kinachomhusu mwenye mzigo

Tukirudi nyuma na kuvipanga visa hivi, mtindo ni mmoja. Mganda mwenye vyungu vya simbi, mkulima wa Tabora, mdaiwa wa rupia na askari wa Kinshasa wote walikutwa wameshika fedha siku ambayo uamuzi ulifanywa mahali pengine. Na katika kila badiliko, aliyeumia zaidi ni yule aliyekuwa na fedha taslimu mbali na benki ya nchi iliyoitoa. Kwa lugha ya leo, mfanyabiashara wa mpakani.

Si hadithi za kale pekee. Tarehe 1 Juni 2019 Kenya ilitangaza noti mpya na kutoa hadi tarehe 30 Septemba noti za zamani za shilingi 1,000 zirudishwe. Katiba ya 2010 inakataza picha ya uso wa mtu kwenye noti. Ndani ya siku chache, Benki Kuu za Tanzania na Uganda zilisitisha ubadilishaji wa fedha za Kenya ili kuzuia fedha haramu kupenya. Mtu wa Sirari au Malaba aliyekuwa ameuza mahindi na kuweka shilingi za Kenya kwenye sanduku alijikuta na njia moja tu: kuvuka mwenyewe na kujieleza. Muda ulipokwisha, noti zipatazo milioni 7.4, sawa na shilingi bilioni 7.4, hazikuwa zimerudi.

Tanzania nayo iliziondoa noti zake za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Muda wa kubadilisha ulikuwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Aliye ng'ambo na noti hizo ndani ya mto wa kulalia hakuwa na wa kumlaumu isipokuwa redio aliyoizima.

Na badiliko kubwa kuliko yote bado liko njiani. Tarehe 30 Novemba 2013 mjini Kampala, marais wa jumuiya walisaini itifaki ya umoja wa sarafu, wakilenga fedha moja ndani ya miaka 10. Mwaka 2024 umepita bila fedha hiyo, na sasa unatajwa mwaka 2031. Siku itakapofika kutakuwa na kiwango cha kubadilishia, tarehe ya mwisho, na watu walio safarini.

Hadi hapo, kanuni za wazee wa sokoni bado zinafaa. Usirundike fedha ya jirani kuliko unayohitaji kwa mzigo unaofuata. Deni la muda mrefu liandikwe ni la fedha ipi na kwa kiwango kipi. Tangazo la Benki Kuu ya nchi unayouzia lisome kama unavyosoma la kwenu. Na kauri, kama unazo, ziache zipambe sebule.